Mkono Dirishani

Deo alinipigia simu asubuhi, nikiwa bado napanga mifuko ya karatasi kwenye kibanda changu Kariakoo. "Mama Salma," akasema, "hapa dukani kuna mgeni, Mhindi. Ametoka Uingereza na mtoto wake. Anasema jengo hili lilikuwa la kwao. Si wewe uliwahi kufanya kazi humu?" Nikamwambia niliwahi, zamani sana. "Basi njoo umsalimie. Anatafuta mtu yeyote anayemkumbuka mama yake." Deo ni kijana wa Kichaga anayeuza vyombo Mchafukoge, na vyombo vyake vidogo anavitia kwenye mifuko yangu tangu ile ya plastiki ilipopigwa marufuku. Sikumuuliza mgeni anaitwa nani. Nilikaa juu ya bunda la mifuko, simu mkononi, mpaka jirani yangu muuza vitunguu akaniuliza kama nimepata msiba. Nikamwambia hapana. Halafu nikaingia nyuma ya kibanda, nikanawa uso, nikabadilisha mtandio, kama mtu anayekwenda kupokelewa.

Mwaka uliomhusu mgeni yule ni ule ambao maduka yalianza kujaa. Kabla yake tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni bila kujua kama sabuni yenyewe ipo. Ghafla sabuni ikawa inauzwa chini, juu ya magunia, ya kila rangi, na muuzaji anakubembeleza. Kila kitu watu walisema ni ruksa. Mimi nilikuwa msichana niliyemaliza darasa la saba na kutochaguliwa kuendelea, mwenye aibu kiasi kwamba nikitumwa dukani nilisubiri wateja wote waondoke ndipo niseme nilichotumwa. Kila asubuhi nilitembea kutoka Magomeni, nikavuka Jangwani, hadi kwenye ghorofa ile ya Mchafukoge. Chini palikuwa na duka la jumla la nafaka na viungo, nyuma yake stoo, katikati ua wa saruji, na juu waliishi wenye duka, familia ya Kihindu. Kazi yangu ilikuwa stooni, kukunja mifuko ya kufungia sukari, dengu na pilipili manga. Tulikaa mikekani, wanawake peke yetu, sufuria ya gundi katikati yetu. Gundi tuliipika wenyewe kwa unga wa muhogo, tukaitia mrututu kidogo ili mende wasiile. Karatasi zilikuwa magazeti makuukuu, makaratasi ya ofisini yaliyoandikwa upande mmoja, na matabaka ya ndani ya mifuko ya saruji, ambayo tuliyakung'uta uani kwanza na kurudi tukiwa na kope nyeupe.

Mkubwa wetu alikuwa Mama Tabu, mwanamke mnene asiyeweza kukaa na neno mdomoni. Ndiye aliyenifundisha kazi. Unakunja, unapitisha mgongo wa kijiko juu ya mkunjo, unaugonga mfuko sakafuni, gonga, gonga, kingo zikae sawa, halafu unaupuliza ufunguke. "Mfuko usiopulizwa ni bahasha," alisema, "na hapa hatuuzi barua, tunauza sukari." Nikifanya kazi kutwa nzima bila kusema, aliwaambia wenzake, "Huyu mtoto siku ya kuolewa, shehe atamuuliza leo, atajibu keshokutwa." Walicheka, nami nikainamia kijiko changu. Hata leo nikiwa peke yangu kibandani nakunja hivyo hivyo, na mikono yangu ina haraka kuliko ilivyokuwa wakati ule, lakini nikigonga mfuko mezani nasikia stoo ile nzima.

Mtoto wa juu alikuwa anateremka na kukaa kwenye ngazi ya mwisho, akitutazama. Aliitwa Kishan, nyumbani wakimwita Kishu, na alikuwa na umri wa miaka mitano hivi. Hakusema na mtu. Mama Tabu alijaribu kumchekesha kwa kuvaa mfuko kichwani, naye akamwangalia tu kwa heshima, kama mzee aliyeonyeshwa kitu cha kitoto. Mama yake alikuwa mgonjwa wa figo na haruhusiwi kelele; baba yake, Bwana Jayanti, alikuwa dukani toka kufungua mpaka kufunga; aliyebaki ni bibi yake, ambaye nyumba nzima, na sisi wa stooni pia, tulimwita Ba. Siku moja Ba alishuka akaona mtoto amehama ngazini, amekaa mkekani kando ya goti langu. Akasimama pale na funguo zake kiunoni. "Wewe iko mikono taratibu," akaniambia. "Kesho kuja juu. Kaa na mtoto." Alipoondoka Mama Tabu akapiga makofi. "Haya, wenye midomo tumebaki na gundi. Bubu kapanda ghorofani."

Juu kulinuka haradali ikipasuka kwenye mafuta, tangawizi, na ubani uliowashwa mbele ya rafu ya miungu yao, ambayo niliambiwa siku ya kwanza nisiiguse, pamoja na mtungi wa maji ya kunywa. Sahani yangu na kikombe changu vilikaa chini ya sinki, peke yao. Mchana Ba alinipakulia dengu na chapati nyembamba kama leso, nikala nimekaa kwenye kizingiti cha jikoni. Kishu akawa anabeba sahani yake kutoka mezani na kuja kukaa kizingitini pamoja nami. Ba aling'aka kwa Kigujarati, akamrudisha, naye akaja tena. Mwishowe bibi akamwacha. Sikujua lugha yao, lakini nyumba ile ilisikika, na usiposikia maneno unasikia sauti: Bwana Jayanti akipandishiana sauti na mama yake wakati wa chai, na katikati ya maneno yao lile neno dokta, na Bombei, na tena dokta, halafu kijiko kikikoroga sukari kwa muda mrefu kuliko sukari inavyohitaji.

Chumba cha Mama Kishu kilikuwa upande wa nyuma, na dirisha lake lilitazama ua. Alikuwa mzaliwa wa Tanga na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Nilipompelekea chai mara ya kwanza nilimkuta ameegemea mito, uso umevimba, anahangaika na karatasi ya kalenda aliyoikata mraba. "Unakunja mifuko, wewe," akasema. "Hebu njoo. Vidole vyangu vimekuwa ndizi." Akanieleza hatua moja moja: kunja pembe kwa pembe, fungua, kunja tena, ingiza ndani, geuza. Mimi ninayefahamu karatasi kwa ngozi ya vidole sikujua tunakwenda wapi, mpaka akasema, "Sasa vuta shingo," na mkononi mwangu kukawa na ndege. Nikamwambia nishuke kuchukua gundi. Alicheka mpaka akakohoa. "Gundi ya nini, Zuhura? Ukimtia gundi atakuwa mfuko. Mshike kifuani, umvute mkia." Nikavuta, na mabawa yakapiga. Alifundishwa shuleni Tanga, akasema, na mwalimu wa kike aliyependa kukaa kimya kama mimi.

Nilisema nimpeleke kwa Kishu. Akamrusharusha yule ndege juu ya shuka. "Nataka ajifunze kumkunja mwenyewe," akasema. "Mfundishe wewe." Nikamjibu kwamba ingekuwa vizuri amfundishe yeye, mtoto akiingia kusalimia jioni. "Akiingia humu anatazama uso wangu tu, hatatazama mikono. Anaogopa uvimbe huu, na mimi naona anavyoogopa." Kisha akanishika kifundo cha mkono, vidole vyake vilikuwa vya moto. "Lakini ukimfundisha, usiseme ni wewe. Kila mkunjo mwambie, mama anasema. Nataka awe na kitu kimoja nilichompa ambacho hakina dawa wala kitanda. Unaweza?" Nikasema naweza. Lilikuwa jambo rahisi kwa msichana asiyependa kusikika. Ningeombwa leo, nadhani ningejibu hivyo hivyo, ila ningechelewa kidogo.

Basi tukakaa kizingitini, mimi na mtoto, na karatasi za stooni. Nilimwonyesha kupata mraba kwa njia yetu ya mifuko: unakunja mshazari, unaramba mkunjo, unachana. "Mama anasema kunja," nikasema. "Mama anasema geuza. Mama anasema ingiza ndani." Na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa ya stooni, kila tulipomaliza ndege niligonga tumbo lake sakafuni, gonga, gonga, nikampuliza chini ya mabawa. Hayo hayakuwemo katika mafunzo ya Mama Kishu. Yalikuja yenyewe. Kishu akayachukua yote kama yalivyo. Siku chache baadaye nilimsikia akikunja peke yake chini ya meza na kusema kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili, "Mama anasema kunja," yeye ambaye hata kwa lugha yao alikuwa hasemi. Nilikwenda kumweleza mama yake, na yeye akageukia ukutani na kubaki hivyo mpaka chai ikapoa.

Kisha ukaanza mchezo wa dirishani. Mtoto anakunja ndege, mimi nampeleka chumbani, Kishu anakimbilia uani na kusimama katikati, kichwa juu. Mama yake anatoa mkono kwenye pazia, bangili zake zikilia, anamvuta ndege mkia. Mabawa yanapiga. Kishu anainua mkono wake mmoja juu kabisa, hivyo tu, bila kelele, na Mama Tabu kule stooni anasema, "Salamu zimefika, turudi kazini." Kila asubuhi baada ya maziwa ilikuwa hivyo. Hata wapagazi walioleta magunia walijifunza kusubiri. Mvua za masika zilipoanza, Mama Kishu hakuweza tena kuinua mkono kufika dirishani. "Chukua shali yangu," akaniambia, ile ya kijani iliyokuwa miguuni pake. "Jifunge mkono wote, vidole vitokee kidogo tu. Kutoka chini hataona." Akanifunga mwenyewe, polepole, akinipima kama fundi cherehani. Nikasimama nyuma ya pazia, ubavu kwenye kabati, pale ambapo mtu wa uani hakuoni, nikatoa mkono wa kijani na kumrusha ndege. Sikumwona mtoto. Mama yake ndiye aliyeniuliza, "Ameinua?" Nami nikachungulia kwenye tundu la pazia nikamwambia, "Ameinua." Tukaendelea hivyo kwa wiki nyingi, na kila asubuhi swali lilikuwa lile lile, na kila asubuhi lilikuwa dogo zaidi.

Asubuhi aliyofariki nilifika nikakuta mlango wa duka umefungwa nusu. Juu hapakuwa na kilio bado. Walikuwa wameshamshusha kitandani na kumlaza sakafuni, kama ilivyo desturi yao, taa ndogo ya samli ikiwaka kichwani pake. Bwana Jayanti alikuwa ametoka kwenda kuwaita ndugu. Kishu aliamka, akanywa maziwa aliyopewa na jirani, akachukua ndege wake, akanipa kama kawaida, akateremka. Hakuna aliyekuwa na muda wa kumzuia. Ba alikuwa amekaa ukutani karibu na mkwewe, magoti yamekunjwa. Akanitazama nilivyosimama mlangoni na ndege mkononi. "Zuhura. Fanya," akasema. Nikamwambia, "Ba, mtoto aambiwe." "Ataambiwa. Baba yake atasema. Sasa iko nasimama chini, nangoja. Fanya." Shali ilikuwa bado kwenye kiti. Hakukuwa na wa kunifunga, nikajifunga kwa meno. Niliruka taa ile kwa uangalifu, nikasimama mahali pangu, nikatoa mkono. Nikavuta mkia. Mabawa yakapiga. Nyuma yangu hakuna aliyeuliza kama ameinua, na mimi nikachungulia hivyo hivyo, nikaona mkono mdogo umenyooka katikati ya ua, na Mama Tabu, aliyekwishasikia habari, amesimama mlangoni pa stoo na khanga mdomoni.

Mtoto hakuambiwa. Baba yake hakuweza. Wakasema mama amekwenda kutibiwa mbali, na sisi sote tukafungwa na neno hilo. Alipoacha kupata jibu dirishani aliendelea kukunja. Ndege walijaa kwenye rafu ya viatu, kwenye dumu la mchele, hata kwenye sahani yangu chini ya sinki. Mwaka huo huo mifuko ya nailoni ikaanza kuingia, myembamba, inalia kama majani makavu, na bei yake haikutuacha pa kusimama. Bwana Jayanti alishika mmoja mbele yetu stooni, akaupiga upepo ukajaa wenyewe. Hakusema kitu kibaya. Mama Tabu ndiye aliyesema, "Huu hauhitaji kupulizwa na mtu. Basi na sisi tumekwisha." Aliondoka na kijiko chake. Mimi nilibakizwa kwa sababu ya mtoto, mpaka ikapangwa kwamba Kishu na Ba waende Uingereza kwa mjomba wake. Siku ya safari alikuwa amevalishwa soksi ndefu. Alikuja jikoni, akakaa kizingitini kwa mara ya mwisho, akaniuliza, "Zuu, mama yuko huko?" Kwenye nyumba ile ni yeye tu aliyeniita Zuu. Ba alikuwa mlangoni, anasikia. Nikamwambia huko kuna watu wake. Akafikiri. "Wewe huji?" Nikasema mimi nitabaki kuwaangalia ndege. Gari lilipoondoka nilipanda juu kuchukua kikombe changu, na nikakuta Ba amekiosha na kukiweka kwenye rafu pamoja na vya wenyewe. Nilikiacha pale. Sikuweza kukiondoa.

Nililia mwaka mzima uliofuata, nyumbani wakidhani nimeachwa na mwanamume. Sikuwasahihisha, kwa sababu ningesemaje? Nina watoto wangu sasa na wajukuu, nimewapenda kama inavyopaswa, na hakuna aliyewahi kuwa mbadala wa mwingine. Njia nzima ya kutoka Kariakoo asubuhi ile nilikuwa nataka kitu kimoja tu: aseme Zuu. Nilijiambia alikuwa mdogo mno. Nilijiambia asiposema pia si kitu. Lakini miguu yangu ilikuwa inakwenda kama ya msichana.

Nilimkuta amekaa kwenye stuli ya plastiki kati ya masufuria ya Deo, mwanamume mzima mwenye mvi masikioni, na msichana mdogo amesimama kati ya magoti yake. Akainuka. "Shikamoo," akasema. Deo akacheka. "Amefundishwa na dereva wa teksi. Hata mimi kanishikamoo." Nikaitikia marahaba. Alikuwa na macho ya mama yake, bila uvimbe. Deo akawa anatafsiri Kiingereza chake: kwamba baba yake na bibi yake wamekwishafariki, kwamba nyumbani mama hakuzungumzwa kabisa, kwamba picha anayo moja. Je, nilimjua? Nikasema nilimjua. Nilikuwa nafanya nini humu? "Mwambie nilikuwa nakunja mifuko stooni." Deo akamwambia. Mgeni akatikisa kichwa kwa adabu, akangoja zaidi, na mimi nikangoja pia. Mtoto wake alichoka na kungoja kwetu. Akamvuta shati, na baba yake, bila hata kutazama, akachukua karatasi ya kufungia vikombe kwenye meza ya Deo. Akaikunja mshazari, akaramba mkunjo, akachana. Alikunja akinong'ona, na mdomo ulikuwa wa mtu mzima lakini matamshi yalikuwa ya mtoto wa kizingitini: "Mama anasema kunja. Mama anasema geuza." Alipomaliza akamgonga ndege mezani, gonga, gonga, akampuliza chini ya mabawa.

"Mama, umesikia? Kumbe Kiswahili kipo," Deo akasema, amefurahi. Akamuuliza, akanigeukia. "Anasema ni cha mama yake. Ndiye aliyemfundisha ndege huyu. Anasema amewahi kuona watu wengine wakimkunja, lakini hakuna anayemgonga hivyo. Hiyo ilikuwa ya mama yake peke yake." Nilikaa kwenye stuli aliyoiacha. "Ndiyo," nikasema. Tulitoka uani, ambako sasa kuna maboksi ya vyombo hadi ukutani. Mgeni akasimama katikati, akatazama juu, akasema kwa muda mrefu, na Deo akaacha kufurahi. "Anasema uso wa mama yake haukumbuki. Akiangalia picha ni kama mtu baki. Anachokumbuka ni mkono, pale dirishani, una kitambaa cha kijani, na ndege. Hata siku mama yake alipoondoka, anasema, alimrushia ndege kwanza. Anauliza, Mama Salma, unakumbuka kama mama yake alikuwa anavaa kijani? Au anajitungia tu?"

Wakati akitoa mkono mwenyewe, Mama Kishu alikuwa na bangili tu.

"Mwambie hajitungii," nikasema. "Shali ilikuwa yake."

Akafunika macho kwa kiganja, akasimama hivyo. Yule msichana mdogo akanishika mkono, akanyoosha kidole juu. Alitaka kwenda dirishani. Deo akasema ngazi ina maboksi lakini Mama Salma anaijua. Nikampandisha. Chumba kimejaa karai na chupa za chai, pazia halipo, kabati limebaki. Nikamsogeza mtoto dirishani na ndege wake, nikamwonyesha pa kushika kifuani na pa kuvuta. Chini, katikati ya ua, baba yake akainua mkono mmoja juu kabisa. Mimi nilirudi nyuma, ubavu kwenye kabati, pale ambapo mtu wa uani hakuoni.